Kurasa Sita za Kwenda Hombolo



Wapendwa vijana wenzangu, kwenye mfululizo wetu wa fadhila kuu nne sasa tumefika kwenye busara. Ningeweza kuanza na Aristotle, maana miaka ya falsafa haikuniacha salama, ila leo naanza na baiskeli. Hapa mezani nina daftari la kurasa 48, lile la shule ya msingi lenye jedwali la kuzidisha kwa nyuma. Kurasa sita za mwanzo zimejaa mpango wa safari ya siku moja: tunatoka Chang'ombe hapa Dodoma, tunafuata barabara ya Dar es Salaam hadi Ihumwa, tunakata kaskazini kwenda Hombolo kwenye bwawa na mashamba ya zabibu, tunazungukia Makutupora na Veyula, halafu nyumbani kabla jua halijazama. Ni kati ya kilomita 80 na 100, kutegemea njia za vumbi zitakavyotupeleka. Vijana kumi na sita, baiskeli kumi na sita, na hakuna mbili zinazofanana.

Mwenyekiti wetu wa vijana alipoliona daftari aliuliza kama tunakwenda Hombolo au tunakwenda vitani. Kurasa sita, Frateri? Nikamwambia, hata wewe ulikuwepo mwaka jana.

Basi niwasimulie ya mwaka jana, maana bila hiyo somo hili litakuwa maneno matupu.

Nyumbani kwetu ni Chang'ombe, na kila likizo ya seminari huwa nasaidia vijana wa parokia. Mwaka jana mwezi wa nane tulikuwa tumekaa baada ya mazoezi ya kwaya, mmoja akasema twendeni Hombolo na baiskeli tukaone zabibu zinavyovunwa. Wote wakashangilia, na mimi nikashangilia zaidi ya wote. Ilikuwa Ijumaa saa moja usiku. Mpango wote ulifanyika kwenye kundi letu la WhatsApp, na ukiufuta utani na vikatuni ulikuwa na maneno matano: kesho, saa mbili, kanisani, baiskeli. La tano lilikuwa langu. Mtu aliuliza, maji na chakula je? Nikajibu: tutajaliwa.

Saa mbili ikawa saa tatu na robo. Tukaanza kwa kaskazini, kupitia Veyula, kwa sababu tu wa kwanza kutoka getini alikata upande huo. Tulipoiacha lami na kugeukia mashariki, jua lilikuwa limeshapanda na upepo ulikuwa unatupiga usoni. Wanaoishi Dodoma wanaujua upepo wa mwezi wa saba na wa nane. Unatoka mashariki na kusini-mashariki, mkavu, hauchoki. Unakausha jasho kabla hujajua kama unatoka jasho, kwa hiyo unadhani hupotezi maji kumbe unaisha polepole. Baiskeli mbili zilipata pancha za mbigili. Tulikuwa na pampu moja, na mdomo wake haukuingia kwenye tyubu ya mmojawapo. Hapo tukapoteza karibu saa nzima, na maji yakanywewa yote tukiwa tumesimama.

Mimi nilikuwa mbele. Napenda kuwa mbele, hilo mlielewe kabisa. Nilikuwa na baiskeli ya gia niliyoazima, nikawa nakimbia, nasimama juu ya kilima, nageuka na kuwapungia mkono kama kamanda. Saa nane mchana nilipohesabu watu tulikuwa kumi na wanne. Tuliondoka kumi na watano.

Aliyekosekana alikuwa binti wa kidato cha nne, mmoja wa soprano wetu. Tulirudi nyuma tukimwita. Tulimkuta chini ya mbuyu, amelala ubavu, midomo imekauka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Pembeni yake alikaa kijana mdogo mchunga mbuzi, nadhani ana miaka kumi hivi, amemfunika kichwa kwa shuka lake na anamnywesha maji kidogo kidogo kutoka kwenye kidumu. Huyo mtoto hakuwa na mpango wa safari wala shahada. Alikuwa na kidumu. Tulipata bodaboda, tukamfikisha zahanati, akawekewa dripu, na kwa neema ya Mungu akapona. Jioni yake nilikwenda kwao.

Mama yake hakunigombeza. Alinikaribisha kiti, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza tulikuwa tumepangaje. Nikasema, "Kwa kweli Mama, tulimwachia Mungu."

Akanitazama. "Na Mungu alikuwa amemwachia nani mwanangu, Frateri?"

Sikuwa na jibu, na mwaka mzima huu nimekuwa nalitafuta. Sehemu ya jibu hilo ndiyo somo la leo.

Nilichokifanya mwaka jana kina jina, na jina lake si imani. Katekisimu namba 2119 inazungumzia kumjaribu Mungu, yaani kuupima wema wake na uweza wake kwa maneno au matendo, na mfano inaoutoa ni ule wa shetani kumwambia Yesu ajirushe kutoka juu ya Hekalu. Angalieni ujanja uliokuwemo pale: shetani alinukuu Zaburi. Alitumia maneno ya kumtumainia Mungu ili kuhalalisha upuuzi. Ninaposema "tutajaliwa" huku duka la maji liko mita hamsini na nina shilingi mfukoni, nimepanda juu ya mnara uleule. Ninamdai Mungu afanye muujiza wa kuziba uvivu wangu.

Na Bwana wetu mwenyewe amelisema hili kwa lugha ya fundi. Someni Luka 14, kuanzia aya ya 28. Mtu anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza, akahesabu gharama, aone kama anavyo vya kumalizia. Mimi nilikuwa nikiisoma aya hiyo kwa juu juu, nikiona ni habari ya kuacha vyote na kumfuata Yesu, na ndivyo ilivyo. Lakini tazameni mfano aliouchagua. Angeweza kusema mtu wa Mungu huruka bila kutazama. Amesema mtu hukaa, tena kwanza. Kukaa na kuhesabu ni sehemu ya kumfuata.

Sasa falsafa kidogo, msinikimbie. Kwa Kilatini busara ni *prudentia*, na wazee wa lugha wanasema neno hilo ni ufupisho wa *providentia*, yaani kuona mbele. Na *providentia* ndilo neno hilohilo tunalotumia kwa maongozi ya Mungu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, kwenye sehemu ile ya Summa inayohusu sheria, anasema viumbe vyote viko chini ya maongozi ya Mungu, ila binadamu yuko chini yake kwa namna bora zaidi, kwa sababu amepewa kushiriki katika maongozi hayo: kujiangalia mbele yeye mwenyewe na kuwaangalilia wengine. Niliposoma hilo darasani nililiandika kwa ajili ya mtihani, nikapata alama nzuri. Niliporudi kulisoma baada ya swali la yule mama, nilifunga kitabu. Mungu alikuwa amemwangalilia yule binti. Alifanya hivyo kwa kunipa mimi akili, macho, na usiku mzima wa Ijumaa, na mimi nikavitumia kutuma vikatuni. Ndipo akamtumia mchunga mbuzi.

Kwa hiyo mwaka huu napanga.

Tomaso anataja sehemu nane za busara, na wa kwanza kwenye orodha yake ni kumbukumbu. Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Kumbukumbu hapa maana yake ni kuyakumbuka mambo jinsi yalivyokuwa, bila kuyapaka rangi. Mnajua tulivyokuwa tunaisimulia ile safari kwenye kundi letu? Ilikuwa imegeuka kichekesho: siku ya pancha, siku Frateri aliponyimwa upepo. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu una saa halisi, makosa halisi, na nani aliyafanya. Matano kati ya saba ni yangu. Kijana anayetaka kukua katika busara aanzie hapo, ajiandikie ukweli wa mara iliyopita, iwe ni safari, ni uchumba uliovunjika, au ni pesa za mkopo wa chuo zilizoisha mwezi wa kwanza.

Halafu kuna ile tabia ya kukubali kufundishwa. Tomaso anasema hakuna anayejitosheleza katika mambo ya busara, hata wenye akili sana, kwa kuwa mambo ya maisha yana sura nyingi mno. Nikatoka na daftari. Fundi baiskeli wetu wa mtaani alinifundisha kwa nusu saa mambo ambayo shahada haikunipa. Kwamba Phoenix zetu nyingi zina matairi ya 28 na zile za vijana za gia ni 26, kwa hiyo tyubu za akiba lazima ziwe za aina mbili. Kwamba ukibeba pampu, kwanza ijaribu kwenye kila baiskeli siku moja kabla. Kwamba mbigili ukiuchomoa njiani bila kuwa na kiraka na gundi mkononi umejitafutia balaa. Na ukishauchomoa, pitisha kidole taratibu ndani ya tairi, maana mara nyingi wako wawili. Kwamba usipandishe siti juu kwa ajili ya mwendo wakati anayeendesha ni mfupi; goti litakuja kudai.

Baada ya fundi nilikwenda kwa wazee. Kuna mzee wa Kigogo jirani na kigango chetu kimoja, ambaye ujana wake wote aliendesha baiskeli akibeba mzigo kati ya mjini na vijijini. Nilimsalimia "Mbukwa" kwa lafudhi yangu mbovu, akacheka, akanionyesha kwa fimbo ardhini. Akauliza: upepo mnaupa nini, uso au mgongo? Nikasema mwaka jana tuliupa uso, mchana. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ya msiba. "Mpeni uso asubuhi akiwa bado amelala. Jioni ampe kila mtu mgongo."

Ndiyo maana mwaka huu tunageuza mzunguko. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunakutana, tunasali Malaika wa Bwana na sala ya asubuhi, na kukipambazuka tunaanza kwa mashariki, kuelekea Ihumwa, upepo ukiwa mdogo. Kutoka hapo tunapanda kaskazini kwenda Hombolo. Mchana tunapogeukia magharibi kurudi upande wa Makutupora, upepo utatusukuma. Njia ni ileile, kilomita ni zilezile, siku ni tofauti kabisa. Sikuambieni ni mara ngapi nimelitafakari hilo katika sala.

Tatizo la kuanzia mashariki ni barabara ya Dar es Salaam. Malori, mabasi, magari ya kwenda Mji wa Serikali pale Mtumba. Hapa Tomaso ana neno lingine, kutazama pande zote, kwa sababu jambo lililo jema lenyewe linaweza kuharibiwa na mazingira yake. Tuliamua hivi: Jumamosi, alfajiri, mstari mmoja, hakuna kuongozana wawili wawili hata kama mna siri ya kuambiana, na mkisikia lori nyuma mnashuka pembeni bila aibu. Tuliitupa tarehe ya kwanza kabisa kwa sababu ilikuwa karibu na Nanenane, na viwanja vya maonyesho viko Nzuguni, njia hiyohiyo. Kungekuwa na foleni ya kutisha. Tukachagua Jumamosi inayofuata baada ya sherehe ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Jumapili hatukuifikiria. Safari ya Kikatoliki inayowakosesha watu Misa ni kichekesho.

Barabara mpya ya mzunguko wa nje wa jiji, ile ya kilomita 112, inapita Veyula na Mtumba, na baadhi ya vijana walitaka tuifuate yote kwa kuwa ni lami. Nilikataa. Lami hiyo itatuzungusha jiji bila kutufikisha mtoni.

Maana mto ndio ninaotaka wauone. Wengi wetu tumezaliwa hapa na tunasema Dodoma haina mto. Hombolo ni bwawa lililojengwa miaka ya 1950 kwenye Kinyasungwe Ndogo. Kwa miezi mingi ya mwaka ukifika kwenye makorongo ya huku utaona mchanga tu, mweupe, mpana, mbuzi wanapita katikati. Ila ukikaa utaona kina mama na watoto wanachimba shimo kwenye huo mchanga, wanasubiri, na maji yanajaa taratibu kutoka chini. Mto uko pale, unatembea chini ya ardhi. Na mvua zikija maji ya Kinyasungwe yanapita Gulwe, yanashuka Kilosa ambako mto unaitwa Mkondoa, yanaingia Wami na kufika Bahari ya Hindi. Ile reli ya zamani inayosombwa na mafuriko kati ya Gulwe na Kilosa tunayoisikia kwenye taarifa ya habari, ni huyuhuyu jirani yetu wa mchanga. Pale korongoni tutasali fungu moja la Rozari, kimya, kila mtu ameshika mchanga mkononi. Sitahubiri kitu. Kuoga bwawani ni marufuku, liandikeni hilo kwa wino. Maji yaliyotuama namna ile ni ya kuogopwa kwa kichocho, na wengine mnasema mnajua kuogelea wakati mmejifunzia kwenye pipa.

Kisha zabibu. Nchi yetu ina mahali pa zabibu na mahali hapo ni hapa. Wazee wanasimulia kwamba mizabibu ilifika na wamisionari, na Bihawana, kwenye barabara ya Iringa, ndiko inakotajwa kwanza. Wapasionisti kutoka Italia walipokuja nchi hii walihitaji divai kwa ajili ya Misa, na sheria ya Kanisa, kanuni 924, inataka divai ya altare iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Kanisa kuu la jimbo letu linaitwa la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, mwanzilishi wao. Wengi mnapita pale kila siku bila kujua jina hilo limetoka wapi. Makutupora nako kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na aina nyekundu inayopandwa sana huku imebeba jina la mahali hapo.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea mkulima mmoja wa Hombolo kuomba ruhusa ya kupitisha vijana shambani kwake. Alinifundisha jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwenye mahubiri yoyote ya Yohana 15. Nchi za baridi, mzabibu unalala wakati wa theluji na kuamka wenyewe. Huku kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Usipoukata, utaendelea kutoa majani tu, utachoka na matunda yatakuwa ovyo. Kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi. Anapogoa, anamwagilia, anahesabu miezi, anavuna. Halafu anapogoa tena, na mwaka mmoja unapata mavuno mawili. "Mimi ndiye baridi yao," aliniambia, akicheka. Anapanga tarehe ya kukata kwa kuangalia ni lini mvua zitaleta ukungu kwenye majani, ni lini ndege watakuwa wengi, na ni lini mnunuzi atakuja. Akikosea wiki mbili, ameharibu miezi mitano. Niliposikia hivyo nikaona aibu kwa neno langu la "tutajaliwa". Huyu mzee anasali kuliko mimi, na bado ana kalenda ukutani imejaa alama za kalamu.

Na si kila kitu kinategemea yeye. Zabibu ikishaiva haikusubiri. Miaka mingine wanunuzi wamechelewa na wakulima wameangalia mavuno yakiozea kwenye nyaya. Ndiyo maana siku hizi wengine wanakamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi ili wapate muda wa kutafuta soko. Tutanunua zabibu zake kwa bei anayoitaja. Tumekubaliana hakuna kupunguziwa kwa kigezo cha "sisi ni wanakwaya", na hakuna kuchuma hata punje moja bila kuambiwa.

Sasa mnasubiri kuona nitasemaje juu ya mvinyo wenyewe. Naam, utauzwa njiani, kwenye chupa za maji zilizotumika, bei ya chini, na atakuwepo mtu wa kusema onjeni kidogo tu. Mvinyo ni kitu chema. Bwana aligeuza maji kuwa divai pale Kana, na alichagua divai siku ile ya Alhamisi. Sitaki kijana Mkatoliki anayedhani utakatifu ni kuchukia tunda la mzabibu. Ila Katekisimu namba 2290, ikizungumzia kiasi, inawataja kwa pamoja wawili: wanaohatarisha usalama wao na wa wengine barabarani kwa ulevi, na wanaofanya hivyo kwa kupenda mwendo kasi. Inasema wana hatia kubwa. Niliposoma nilifurahi na la kwanza, maana ningelitumia kuwaonya wengine. La pili lilinipata mwenyewe, kamanda wa mbele. Kwenye daftari imeandikwa: hakuna mvinyo kwa yeyote aliye juu ya baiskeli, awe na miaka kumi na saba au thelathini. Na hakuna mashindano.

Mengine nayataja haraka. Kila mtu lita tatu za maji anapoondoka, na tunajaza tena Hombolo. Chakula ni mihogo ya kuchemsha, mayai, ndizi, karanga; ubuyu tunao bure barabara nzima. Chumvi na sukari kwenye mfuko mmoja wa kila kundi. Kofia. Jina na namba ya simu ya mzazi kwenye karatasi ndani ya kila mfuko. Watu wanne wanne, kila kundi na kiongozi wake, na kuhesabiana kila tunaposimama. Kutoka saa nne na nusu asubuhi hadi saa saba na nusu mchana tuko kivulini Hombolo, hakuna anayepanda baiskeli. Na kuna mstari nilioupigia wino mwekundu: ikifika saa tano asubuhi hatujaingia Hombolo, tunageuka tulikotoka. Hata kama bwawa linaonekana. Hili liliwakera vijana kuliko hata mvinyo. Mmoja akasema huo ni uoga. Nikamjibu kwamba Katekisimu, namba 1806, inasema wazi busara isichanganywe na woga. Mwoga angebaki nyumbani. Kuamua mapema, ukiwa umetulia, kile utakachofanya ukiwa umechoka na una kiburi, ni kujilinda na wewe mwenyewe. Sijui kama alikubali. Amejiandikisha.

Msimamizi wetu wa safari ni Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1949 kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Kikanisa chake kiko juu ya kilima kaskazini mwa Italia, kimejaa baiskeli za mabingwa. Mmoja wa mabingwa wa kizazi kile, Gino Bartali, aliyeshinda Tour de France mara mbili, mwaka 1938 na 1948, wakati wa vita alikuwa anabeba hati za kuwaokoa Wayahudi ndani ya mabomba ya fremu ya baiskeli yake, kati ya Florence na Assisi, akijifanya yuko mazoezini. Hakujisifu. Watu wengi waliyajua baada ya yeye kufa. Tutakapokuwa tunakaza mnyororo alfajiri, hiyo ndiyo hadithi nitakayowasimulia.

Limebaki jambo moja. Yule binti anataka kwenda tena. Amemaliza kidato cha nne, ana nguvu, amenunua baiskeli yake mwenyewe kwa fedha za kuuza maandazi, na amesema wazi kwamba asipofika Hombolo kwa magurudumu yake ataendelea kuota mbuyu ule. Uamuzi ni wa wazazi wake. Juzi Jumanne nilichukua daftari nikaenda kwao.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba Frateri. Karibu ukae."

Alivaa miwani, akasoma kurasa zote sita bila kusema kitu. Aliporudi kwenye ukurasa wa kwanza, ule wa makosa, alikaa nao muda mrefu. Halafu akaweka kidole kwenye ramani niliyoichora.

"Viongozi wa makundi nimewaona. Wa mbele nimemwona, ni mwenyekiti. Nyuma kabisa anakaa nani?"

Nilitazama. Kurasa sita, nami sikuwa nimeandika.

"Mimi, Mama."

"Andika."

Nikaandika. Akavua miwani, akanirudishia daftari, akasema nirudi Alhamisi jioni, baba yake atakuwa ametoka safari, naye alisome.